Usiongeze, Rekebisha: Mwongozo wa Mazoea ya Kila Siku

Kila Januari watu hujiwekea maazimio: kukimbia alfajiri, kuacha wanga, kusoma kitabu kila wiki, kulala mapema. Ikifika Februari ada za shule zimelipwa kwa taabu, joto limezidi, na maazimio yamekwisha sahauliwa. Wengi hujilaumu kwa uvivu. Ukiyatazama vizuri lakini, utaona kila azimio lilidai muda mpya, fedha mpya na nguvu mpya kutoka kwa mtu anayeamka saa kumi na moja, anayegombania daladala, na anayerudi nyumbani giza limeshaingia. Mtu huyo hana pa kuyaweka.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Chukua mambo unayoyafanya tayari kila siku bila kuyafikiria, kama kutia sukari kwenye chai, kupakua chakula, kusafiri, kuchaji simu na kwenda kulala, uyafanye kwa namna tofauti kidogo na kwa kukusudia. Muda utakaotumia ni uleule. Mara nyingi hata fedha utakayotumia itapungua.

Anza na kalamu jikoni

Siku utakayofungua pakiti ya sukari, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Fanya hivyo kwa chumvi, na kwa chupa au dumu la mafuta. Usibadilishe upishi kwa sasa. Subiri pakiti iishe, kisha hesabu siku.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Nyumba ya watu wazima 4 basi isimalize zaidi ya gramu 20 kwa siku, maana yake pakiti ya nusu kilo inatakiwa iwafikishe siku 25. Ikiisha kwa siku 12, kila mmoja wenu anakula mara mbili ya kiwango, na hapo hamjahesabu chipsi za barabarani, samaki wa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti.

Kuhusu sukari, shirika hilohilo linataka ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25. Kwa watu 4, kilo ikidumu siku 5 tu mmegusa ukomo wa juu. Ikidumu siku 10 mko pazuri, mradi hakuna anayejazia kwa soda huko nje. Watoto wahesabu pungufu, kwa kuwa viwango vyao ni vya chini.

Mafuta hayana hesabu nyepesi kama hiyo, lakini jua kwamba kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, karibu sawa na ndizi mbivu kubwa. Anayemimina sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ametia vijiko vingapi. Mimina kwanza kwenye kijiko, kisha sufuriani. Kama unanunua mafuta ya kupima dukani, andika nyuma ya mlango wa jiko siku ulizonunua. Mwisho wa mwezi utaona jumla yake.

Ukishajua hali ilivyo, punguza pale ambapo hakuna atakayelalamika. Ondoa kikopo cha chumvi mezani, ili anayetaka kuongeza ainuke kukifuata jikoni. Tia chumvi mwishoni mwa upishi, ukionja, na uache ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vifanye kazi iliyobaki. Usiache chumvi kabisa, na ununue yenye madini joto, kwa sababu mwili unayahitaji ili kuzuia rovu, na mjamzito anayahitaji kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kikombe cha chai

Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hadi 5. Anayetia vijiko 3 kwenye kikombe na kunywa vikombe 3 kwa siku amekula karibu gramu 40 kabla hajagusa andazi. Kuacha ghafla ni kujitesa. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki nzima, kisha punguza nusu nyingine. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na chai uliyokuwa ukiiona ya kawaida utaiona imezidi utamu. Hiliki, mdalasini, mchaichai na tangawizi husaidia, maana harufu yake huifanya chai ionekane tamu kuliko ilivyo.

Soda ishughulikie mapema. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari kati ya gramu 35 na 40, na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wa bodaboda na wanafunzi huvitegemea kukesha, huongeza kafeini juu ya sukari hiyo. Kama soda ni desturi ya kila mchana, ifanye ya Jumapili au ya sherehe. Juisi ya ukwaju, ubuyu au embe nayo ihesabu kama soda ikiwa imetiwa sukari.

Liko jambo jingine la chai ambalo wachache hulijua: wakati wa kuinywa. Chai na kahawa zina viambato vinavyoshikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani na maharage, hata mwili ukashindwa kuyafyonza vizuri. Vitamini C hufanya kinyume chake. Kwa hiyo acha ipite saa moja hivi baada ya mlo ndipo unywe chai, na ukila mchicha, matembele au kisamvu, kamulia ndimu au ule na chungwa. Chakula ni kilekile, lakini faida yake mwilini huongezeka. Wajawazito, wasichana walioanza hedhi na watoto wadogo ndio wanaohitaji zaidi jambo hili, kwani upungufu wa damu huwaandama wao kuliko wengine.

Kunawa, kupakua na kula

Kwetu mtu huletewa maji ya kunawa kabla ya kula, na huo ni msingi mzuri uliokwisha jengwa. Urekebishe kwa mambo mawili: sabuni iwepo kabla ya kula, badala ya kutolewa baada ya kula ili kuondoa harufu ya samaki, na maji yamiminwe kutoka kwenye jagi au birika, watu wasichovye mikono kwenye beseni moja. Sugua kwa sekunde 20, pamoja na kucha na katikati ya vidole.

Kwenye sahani, badilisha mpangilio. Wengi huanza kupakua ugali au wali, kisha mboga hutafuta nafasi iliyobaki pembeni. Anza na mboga. Mboga za majani na kachumbari zichukue nusu ya sahani. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo inayobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na halihesabu viazi wala muhogo humo. Fungu kubwa la mchicha na embe moja vinakaribia kuifikisha hesabu hiyo, na kwa msimu wake vinapatikana sokoni kwa bei ya kawaida.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zikatwe kabla tu ya kupikwa, na zisikae motoni muda mrefu. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto, kwa hiyo anayekata kwanza, akaloweka, akachemsha na kumwaga maji, amemwaga sehemu nzuri ya alichonunua.

Kama familia inakubali, changanya dona kwenye sembe, au hamia dona moja kwa moja, maana dona halijaondolewa pumba na kiini, sehemu zenye nyuzinyuzi, vitamini na madini. Lakini chagua mahindi yake kwa uangalifu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, ikiwemo Makueni na Kitui, iliua watu 125. Kausha mahindi vizuri, yaweke juu ya chaga badala ya sakafuni, na tenga punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu kabla ya kwenda mashineni.

Anayekula kwa mama ntilie ana nafasi yake pia. Omba mboga za majani ziongezwe na wali upunguzwe, na omba mchuzi usimiminwe juu ya wali bali uwekwe pembeni. Ukiwa mteja wa kila siku, baada ya wiki mama ntilie atakupakulia hivyo bila kuombwa.

Miguu unayo tayari

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayoharakisha pumzi kiasi. Ukizigawa kwa siku tano za kazi ni nusu saa kwa siku. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba.

Nusu saa hiyo imefichwa katika safari yako ya kila siku. Shuka daladala vituo viwili kabla ya kazini, tembea robo saa. Jioni fanya hivyo tena kabla ya nyumbani, ikiwa njia ni salama na ina mwanga. Safari fupi za bodaboda ndani ya mtaa, za kwenda gengeni au kanisani, zitembee. Viatu vya ofisini vibebe kwenye mkoba uvae raba njiani. Kwenye miji ya pwani, ambako jua la saa sita ni kali, weka mwendo mrefu asubuhi au baada ya alasiri.

Misuli nayo idaiwe haki yake mara mbili kwa wiki. Ngazi za ofisini zinatosha kuanzia. Nyumbani, kaa kwenye kiti na usimame mara kumi bila kushika kitu, pumzika, rudia. Kwa mzee, zoezi hilo moja lina maana kubwa kuliko mengi, kwa sababu ndilo linalomwezesha kuinuka mwenyewe kitandani na chooni.

Sehemu hii haiwahusu wote sawasawa. Mama anayeteka maji kisimani, akajitwisha ndoo ya lita 20, akalima na kutwanga, amekwisha maliza dakika zake kabla ya saa nne asubuhi. Hahitaji kuambiwa atembee. Anahitaji wengine nyumbani wachukue ndoo ile ili yeye apumzike, na kwa baba na vijana wa nyumba hiyo zoezi ndilo hilo.

Ukishindwa peke yako, tafuta wenzako. Dar es Salaam na Zanzibar zina vikundi vya jogging mitaa mingi, na vingi havihitaji zaidi ya fulana na kuamka mapema. Kigali, tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara hufungwa kwa magari Jumapili maalumu asubuhi, na watu wa kila umri hutoka kutembea na kukimbia.

Usiku na simu

Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amelala kufikia saa nne usiku, na hapo ndipo simu inapomharibia. Mitandao huuza bando la usiku kwa bei ndogo kuliko la mchana, na aliyelinunua huona hasara kulala kabla halijaisha. Unafuu wa bei hiyo unaulipa kwa usingizi. Linunue siku ambayo kweli una kazi ya kupakua, na siku nyingine uliache.

Kuchaji unachaji kila siku, kwa hiyo hamisha soketi tu. Simu ichajiwe sebuleni au jikoni, mbali na mkono. Kama inakuamsha, itakuamsha vizuri zaidi ikiwa mbali, maana itabidi usimame kuizima. Zima sauti za magrupu ya familia, ya harusi na ya kazini, uache mlio wa kupigiwa tu. Mwenye dharura atapiga, hatatuma picha. Na asubuhi usiifungue kabla hujanawa uso na kusali au kunywa maji. Dakika kumi za mwanzo wa siku zikiwa zako, utaanza siku ukifuata mipango yako kabla ya kuingia kwenye habari za watu.

Chakula cha usiku kiwahi kidogo. Anayekula saa nne na kulala saa nne na nusu hupata kiungulia na usingizi wa kujigeuzageuza. Kama kuchelewa hakuepukiki, mlo mzito uwe mchana, usiku iwe uji, supu au matunda.

Kabla ya kuzima taa, chomekea chandarua chini ya godoro pande zote. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na chandarua kinachoning'inia bila kuchomekwa humwachia mlango. Kwa wenzetu wa nyanda za baridi, kama Njombe, Mbeya na Arusha, usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala ili kupata joto. Gesi yake haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Usifanye peke yako

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua cha kufanya kijijini kwao: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Watu walichimba kwa kuwa waliamua pamoja, na kila mmoja alijua jirani yake naye ameamua.

Nyumba yako ni kikundi cha namna hiyo. Ukitaka kupunguza chumvi, zungumza kwanza na anayepika. Usimletee amri kutoka kazini. Kama ni mke, mama mkwe au dada wa kazi, yeye ndiye mtaalamu wa jiko hilo na ataona njia usizoziona. Watoto wape kazi ya kusoma tarehe kwenye pakiti na kuhesabu siku. Wataifanya kwa ukali kuliko mkaguzi yeyote.

Na usianze yote pamoja. Mwezi wa kwanza uwe wa kalamu na pakiti tu. Wa pili, kikombe cha chai. Wa tatu, sahani. Wa nne, miguu. Wa tano, simu na usingizi. Zoea jipya lishikishe kwenye jambo lisiloruka siku: adhana, chai ya asubuhi, kufunga duka, taarifa ya habari ya saa mbili. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake bila kujiadhibu. Ukikosa wiki nzima, ujue zoea ulilochagua ni kubwa mno, ligawe.

Jambo moja tu la kuongeza

Nimesema usiongeze kitu, lakini kimoja hakina mbadala: kupima presha. Duniani zaidi ya watu bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Halina dalili za kutegemewa. Mtu hulima, huuza duka na kucheza ngoma harusini akiwa nalo, mpaka siku ya kiharusi.

Kipimo kinapatikana zahanati, vituo vya afya na maduka mengi ya dawa. Ili kiwe cha kweli, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kojoa kwanza. Kaa ukiegemea kwa dakika 5, miguu ikiwa sakafuni bila kukunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inafanya kazi. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, usiogope na usiipuuze: rudi siku nyingine upimwe tena, na ikibaki hapo muone daktari. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Kazi yake ni kuizuia presha isipande, na presha ya juu unaweza kuwa nayo huku ukijisikia vizuri.

Kama hujapima mwaka huu, nenda wiki hii, na umchukue mzazi, mwenzi au jirani aliye na miaka zaidi ya 40 mkapime pamoja.